Mtu Asiyekula Kware

Katika miaka yote niliyomfahamu, Msimamizi hakuniuliza hata mara moja niliishia darasa la ngapi. Wengine wote waliuliza. Katekista aliuliza, mwenyekiti wa kijiji aliuliza, hata mwenye duka aliyeniuzia chumvi aliuliza, kisha akatikisa kichwa. Yeye, siku nilipokwenda kuomba kazi, aliuliza jambo moja tu: kama najua kunoa fyekeo. Nikasema najua. Akanipa jiwe na fyekeo butu, akanipa mgongo, akawa anatazama ndege waliokuwa wakirukaruka majanini. Nilinoa mpaka viganja vikawaka. Aliporudi alipitisha kidole gumba kwenye makali, akasema, "Upande huu wembe, upande huu kijiko. Kesho uje mapema."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla, mama alimfuata mwaka uliotangulia, na nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu watatu: Deo, Vestina, na Leonia ambaye bado nilimbeba mgongoni. Shule niliiacha darasa la sita.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ngara ilijaa magari meupe, na Wazungu waliokuja kuhudumia kambi walikuwa na Jumapili zao ambazo hawakujua pa kuzipeleka. Basi wakachukua mteremko wa malisho kando ya barabara iendayo Lukole, wakaufanya uwanja wa gofu. Ulikuwa na mashimo tisa. Kila shimo lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililozikwa mpaka mdomoni, na kando yake kijiti chenye kipande cha shitingi ya buluu, ileile iliyoezekea vibanda vya kambini. Kuzunguka shimo palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ili kimpira kiteleze. Kwingine kote ni nyasi, na nyasi hizo tulizikata sisi, wanawake saba, Msimamizi akiwa juu yetu.

Watu wetu waliuita uwanja ule Mashimoni. Walipita na ng'ombe wao wakasimama kuwaangalia watu wazima wakipiga kimpira, wakakitafuta, wakakipata, wakakipiga tena kipotee. "Kama wamekwisha kukipata," aliuliza mzee mmoja wa Kibimba, "mbona hawaendi nacho nyumbani?"

Msimamizi alikuwa Mrundi. Alitoka kambini kila asubuhi na kibali chake kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kofia, kofia kichwani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye magoti makubwa, na alivaa koti la mvua hata kiangazi, eti jua nalo ni mvua ya aina yake. Kiswahili alijifunza ukubwani, na ulimi wake haukuwa na L. Sisi Wahangaza, wenyeji wa Ngara, nasi tunachanganya L na R, lakini sisi huzichanganya kwenda na kurudi. Yeye alikwenda upande mmoja tu. Kalamu kwake ilikuwa karamu. Asubuhi alipotaka kuandika waliofika aliuliza, "Nani ana karamu?" na Ma Bibiana, mkubwa wetu kwa umri na kwa mdomo, alijibu, "Karamu iko wapi, Msimamizi? Tuje na sahani?" Alisema hivyo kila siku kwa miaka minne. Na kila siku Msimamizi alisubiri tumalize kucheka, mkono ameunyoosha, uso haujacheka wala kukasirika, mpaka apewe kalamu.

Ukali wake haukuwa na sauti. Ukichelewa hakukusema. Alichukua fyekeo lake, akaenda kwenye sehemu yako, akaanza kukata. Ulipofika ukihema ulimkuta amekata nusu. "Shikamoo, Msimamizi." "Marahaba. Umeamka sarama?" Kisha aliondoka akakuachia nusu iliyobaki, na aibu yote. Niliwahi kumwona Ma Bibiana, mwanamke aliyewahi kumfukuza karani wa soko kwa matusi matupu, akilia kwa sababu ya nusu ile.

Lakini mtu huyohuyo, ambaye hakuvumilia unyasi mmoja usimame juu ya mwingine, aliacha visiwa. Hilo ndilo Wazungu hawakulielewa mwanzoni. Katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri ungeona duara la majani marefu, upana wa ungo mkubwa, na kijiti kimechomekwa ubavuni. Ndani yake mlikuwa na kiota. Alivijua viota vyote vya mteremko ule. Alitembea mbele yetu asubuhi kabla umande haujakauka, akasimama ghafla, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni, kisha akachomeka kijiti. Hakukosea hata siku moja. Tulishangaa amejifunzia wapi. Tulipomuuliza alisema, "Ndege hasemi uongo. Anaruka hapa, amerara pare. Wewe usiangarie anaporuka."

Wachezaji walilalamika, maana vimpira viliingia visiwani na Msimamizi hakuruhusu mtu kuvifuata. Mmoja wao, mtu mnene mwenye shingo nyekundu, alimfokea kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiswahili, "Mpira umeingia kanisani. Misa ikiisha utatoka." Dereva alipotafsiri, wenzake yule bwana walicheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria, wakaiandika kwenye ubao kule walikoanzia kucheza: mpira ulioingia kwenye duara umekwenda kanisani, mchezaji aweke mwingine.

Aliyemwelewa mapema kuliko wote alikuwa nesi mmoja wa Kizungu tuliyemwita Mama Darubini. Huyo alikuja na fimbo za gofu kama wenzake, lakini akifika shimo la pili alikuwa ameshaziweka chini, anatazama ndege. Alikuwa na kitabu chenye picha zao, akamwonyesha Msimamizi: huyu, na huyu. Mvua za vuli zilipoanza walikuja mbayuwayu, wakapita chini chini juu ya nyasi tulizokata, na walanyuki wakakaa kwenye nyaya za simu, na korongo wakubwa weupe wakatembea kati ya bendera zetu za shitingi kama wakaguzi.

"Hawa wanatoka kwetu," alisema Mama Darubini kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Kwetu ni ndege wa kiangazi. Baridi ikija, wanakimbia."

Msimamizi alifikiri. "Wanakimbia, wanakuja hapa?"

"Ndiyo."

"Na kibari nani anawapa?"

Mama Darubini alicheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu Msimamizi hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia mbayuwayu. Baadaye aliniambia, "Umesikia? Wanarudi kira mwaka. Si vibaya kukimbia, kama njia ya kurudi unaikumbuka."

Maua nayo yalikuwa yake. Mwisho wa kiangazi wachungaji walichoma mlima, moto ukafika mpaka kingo za uwanja, na mvua ya kwanza tu ilipogusa majivu yalitoka maua mekundu, mviringo kama ngumi ya mtoto, hayana jani hata moja, shina tupu kutoka ardhini. Baadaye yalifuata ya zambarau, na yale madogo ya njano yanayofunga jua linapokuwa kali. Hakuyaita kwa jina. Ma Bibiana alipomuuliza kwao yanaitwaje, alisema, "Kwetu tuna majina ya kinachoriwa. Haya tunayaangaria tu." Lakini alituzuia kuyakata mpaka yanyauke yenyewe, na shimo la sita kwa majuma matatu ya kila mwaka lilikuwa halifikiki bila kuzunguka.

Vipepeo hakuwapenda. Hili lilinishangaza kuliko yote. Kwenye kijito kilichokatiza chini ya shimo la nane walikusanyika kwenye tope, wa njano na weupe, mamia, wamefunga mabawa, na ukipita wanainuka wote pamoja kama karatasi zilizopeperushwa. Sisi tuliwapitia kwa makusudi ili tuwaone wakiinuka. Msimamizi alizunguka mbali. Mwaka mmoja lilipita kundi la vipepeo weupe likienda upande mmoja siku nzima, na yeye alichukua gunia, akajifunika kichwa, akakaa chini ya mti kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Ma Bibiana akaanza: "Jamani, mwanaume mzima anaogopa kipepeo!"

Gunia likasema, "Siogopi."

"Sasa unafanya nini humo?"

Akasema, bado amejifunika, "Njiani turipokuja warikuwa wengi. Warikaa mahari pasipo na maua, juu ya wenzetu wariobaki."

Ma Bibiana alichukua fyekeo lake akaondoka. Hakumtania tena kuhusu vipepeo, na yeye ndiye aliyetuonya tusiwainue wakati Msimamizi yupo.

Kulikuwa na mambo yake mengine ambayo sikuyaelewa wakati ule. Vidole vyake havikutulia. Akikaa kupumzika alichuma nyuzi za katani au majani marefu, akayasokota, akafunga kitanzi kidogo, akakivuta kikakaza, akakifungua. Kitanzi, vuta, fungua. Alifanya hivyo huku akiongea, bila kuangalia. Pia aliweza kuita kama kware. Alikunja midomo, ikatoka ile sauti ya kukwaruza ya asubuhi, na kware wa kweli akajibu kutoka upande wa pili wa mteremko, mara akatokeza kichwa. Na siku za mwanzo, juma langu la kwanza au la pili, niliona kando ya moto wake wa mchana manyoya madogo ya kijivu yenye mistari. Nilimuuliza. Akasema ni ya kuku.

Hapa lazima nieleze habari ya kware. Vitabuni wanaandika kwale, sisi tunasema kware, na Warundi nao wanasema karibu hivyohivyo. Kila ukoo kwetu una mziro wake, yaani kiumbe ambacho watu wake hawali, hawaui, wala hawachezei. Wengine ni samaki fulani, wengine ni ng'ombe wa rangi fulani. Mziro wetu ni kware. Na mziro hauna mpaka. Mtu akitoka ng'ambo, lugha nyingine, serikali nyingine, lakini akawa na mziro wako, huyo ni ndugu yako, na ana haki ya kukaa kwenye kikao chenu na kusema.

Bibi yangu, mama yake baba, alitufundisha zaidi ya hapo. Ukikuta kiota cha kware, unavunja jani moja, unaliweka kando ya mayai, unasema, "Lala, mkubwa wangu. Sijakuona." Nilifanya hivyo Mashimoni kila nilipokuta kiota, kwa sauti ya chini ili Ma Bibiana asinisikie. Msimamizi alinikuta mara moja nimeinama.

"Unasema nini na ndege?"

Nikamweleza, kwa aibu. Hakucheka. Alinitaka niyarudie maneno, nikayarudia. Akasema, "Maneno mazuri," akaenda zake.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo. Huyo mdogo wake baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeona nyumba isiyo na mwanaume kama chungu kisicho na kifuniko. Alikuwa amepanga kila kitu: Deo aende Mabawe kwake akachunge mbuzi, Vestina aende Biharamulo kwa shangazi akalee watoto, Leonia apelekwe kwa mjomba Kibimba. Mimi nilikuwa na umri wa kuolewa, na mchumba angetafutwa. Nyumba ingefungwa. Kikao kilikuwa Jumamosi mchana, na msichana ambaye hajaolewa hana sauti kwenye kikao. Anapeleka maji ya kunawa, basi.

Asubuhi ile niliomba ruhusa ya kuondoka mapema. Msimamizi akauliza kwa nini. Nikamwambia yote, nikikata nyasi, bila kumtazama, kwa sababu ningemtazama ningelia.

"Kwenye kikao nani anaruhusiwa kusema?"

"Wazee wa mziro wetu tu."

"Hm," akasema.

Wazee walikuwa wameshakaa nyuma ya migomba yetu, kibuyu cha pombe ya ndizi katikati, baba mdogo anaongea, ndipo nilipoliona lile koti la mvua linakuja kwenye njia ya uani. Alivua kofia. Akasalimia. Akasema amesikia ndugu zake wanakaa, naye amekuja kukaa.

"Ndugu zako akina nani, mzee?" aliuliza baba mdogo. "Wewe si yule wa kambini, anayekatisha nyasi za Wazungu?"

"Ndiye mimi. Rakini kware, siri."

"Siri gani?"

"Siri."

Wazee wakatazamana. "Ana siri gani huyu?" mmoja akanong'ona. Mwingine, aliyezoea soko la kambini, akasema, "Anasema hali. Hali kware."

"Ndiyo," alisema Msimamizi. "Mimi kware siri. Hata njaa ikiniua, siri."

Walicheka, lakini baba mdogo hakucheka. Alimuuliza ghafla, kama mwalimu anayemshtukiza mwanafunzi wa nyuma, "Ukikuta kiota chake njiani, unafanyaje?"

Msimamizi akainama pale pale, akavunja jani la ukoka, akaliweka chini mbele ya miguu ya baba mdogo. Akasema taratibu, "Rara, mukubwa wangu. Sijakuona."

Baba mdogo alilitazama lile jani, na niliona kidevu chake kikicheza. "Hayo ni maneno ya mama yangu," alisema.

Nilikuwa nimesimama na jagi la maji. Nilijua alikoyasikia. Lakini niliwaza, huenda hata kwao wanasema hivyo, huenda ndiyo sababu aliyaona mazuri. Niliwaza hivyo haraka haraka, kama mtu anayefunika chungu kabla moshi haujaonekana, nikaendelea kumimina maji.

Akapewa kiti. Aliongea kidogo sana. Alisema kiota kikipoteza mama, makinda yakibaki pamoja yanapashana joto. Yakitawanywa, kila moja linakufa kwa baridi yake. Alisema msichana huyu anajua kunoa.

"Na mwanaume wa nyumba atakuwa nani?" alisema baba mdogo. "Likitokea la kutokea, nitamwita nani?"

"Mimi."

"Wewe unalala Lukole!"

"Kurara narara Rukore," alisema Msimamizi. "Kusimama nasimama hapa."

Walijadiliana mpaka kibuyu kikaisha. Mwisho mzee wa ukoo alisema kwamba ndugu wa mziro amejitoa, na si desturi kumkataa. Tupewe mwaka mmoja tuonekane. Baba mdogo alikubali, na kwa kuwa ni mtu wa neno lake, hakuligusa tena jambo lile mwaka ulipokwisha wala miaka iliyofuata.

Tangu siku ile, kila asubuhi baada ya marahaba yake, Msimamizi aliongeza swali. "Wako wangapi?" Nami nilijibu, "Wote." Ndipo akauliza ya karamu.

Naye akawa ndugu kwelikweli. Kibali kikimruhusu, alikuja kwenye misiba yetu, akachimba kaburi na wenzake. Aliitwa kwenye harusi. Kwenye harusi moja huko Mabawe, baba mdogo, ambaye moyo wake haukuwa umetulia bado, alimwomba jirani wa ukoo mwingine apike nyama kando na kuitia kwenye bakuli, akamletea Msimamizi mwenyewe. "Kula, ndugu yangu, kuku wa harusi huyu." Msimamizi aliinua bakuli, akanusa. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Akalirudisha chini. "Kuku huyu hakufugwa," alisema. "Siri." Baba mdogo alipiga makofi kwa furaha, akamkumbatia, na usiku mzima hakumwachia mkono. Lakini mimi nilikuwa nimeliona lile koo.

Ajabu ni kwamba miaka yote hiyo hakuacha kufunga na kufungua vitanzi.

Kisha magari meupe yakapungua. Mama Darubini aliondoka, akamwachia Msimamizi kile kitabu cha picha. Yule bwana wa shingo nyekundu alikuja kuaga, akasimama kwenye shimo la kwanza na kofia mkononi kama mtu aliyefiwa. Ng'ombe walirudi kwenye mteremko. Makopo yaling'olewa, bendera zikachanika, na mwaka uliofuata usingejua kwamba kulikuwa na uwanja, ila tu yale maua mekundu yalitoka kwa mviringo pale palipokuwa shimo la sita, mahali tulipoyazunguka.

Mimi nilianza kupeleka ndizi kwenye soko la kambi ya Lukole. Siku moja nilimchukua Deo akanyolewe huko. Kinyozi alikuwa Mrundi mchangamfu, na alipojua tunatoka Ngara kwenyewe akauliza kama tunamjua Msimamizi. Nikasema ni ndugu yetu wa mziro.

"Mziro gani?"

"Kware."

Kinyozi alisimamisha mkasi juu ya kichwa cha Deo. Kisha akaanza kucheka. "Yule? Nimetoka naye kilima kimoja! Yule alikuwa mtegaji wa kware, dada yangu. Vitanzi! Hakuna aliyemshinda. Sikukuu zote kwetu, kware walitoka kwake. Na kula, mama wee, alikuwa akila hata mifupa!"

Nilimwambia atakuwa amemchanganya na mtu mwingine. Deo alinitazama kwenye kile kioo kidogo. Tulitembea mpaka nje ya soko ndipo akaniuliza, "Dada, ni kweli?" Nikamwambia, "Ulikuwa unataka kuchunga mbuzi Mabawe?" Akasema hapana. "Basi," nikasema, na hatukuliongea tena. Wakati huo Deo alikuwa anajifunza kuezeka nyumba, Vestina alikuwa darasa la saba, na Leonia alikuwa anaimba kwaya ya watoto. Wote walikuwa wanakula kwenye sinia moja.

Tangu kikao kile ilikuwa imepita miaka sita. Nilihesabu nikiwa njiani na ndizi kichwani. Miaka sita, na kambini chakula ni mahindi na maharage, maharage na mahindi, na yeye anajua kila kware alipolala.

Zamu yake ya kurudi kwao ilipofika nilisikia siku mbili kabla. Baba mdogo, ambaye mguu ulikuwa unamsumbua, alinituma na kikapu cha maharage mapya kwa ajili ya ndugu yetu. Nami asubuhi ile nilipita kwa mama mmoja muuza nyama wa barabarani, mtu wa ukoo mwingine, ambaye wakati mwingine alikuwa na ndege wa porini. Nilimwambia achome kware mmoja, akaushe vizuri, amfunge kwenye jani la mgomba, aache kamba ndefu. Sikumgusa. Nilimbeba kwa kamba, mkono nimeuweka mbali na mwili. Harufu ilinifuata njia nzima. Nilimwomba bibi msamaha.

Malori yalikuwa yamepangwa. Watu walikuwa juu na magodoro na kuku na masufuria. Msimamizi alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa karoseri ya lori, na koti la mvua, kitabu cha ndege mapajani.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, mwanangu. Wako wangapi?"

"Wote."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikampandishia kikapu cha baba mdogo, nikampa salamu zake; akamimina maharage kwenye gunia lake, akanirudishia kikapu. Kisha nikainua ile kamba.

"Hiki nini?"

"Chakula cha njiani. Kutoka kwangu." Nilitazama huku na huku. "Nilikutana na kinyozi."

Hakuuliza kinyozi gani. Alifungua jani kidogo tu, harufu ikatoka, na koo lake likapanda likashuka kama siku ile Mabawe.

"Umemshika?"

"Kwa kamba."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye kikohozi ndani yake.

"Kula tu," nikasema. "Ukivuka, hakuna baba mdogo. Hakuna wa kukuangalia. Umejizuia miaka sita kwa ajili yetu. Inatosha."

Dereva alikuwa amewasha gari. Msimamizi alilifunga lile jani, akalirudishia kamba kama lilivyokuwa, akampa mama aliyekaa karibu naye na mtoto mapajani. Mama yule akashukuru kwa Kirundi, akaanza kulifungua. Msimamizi hakugeuka kumtazama. Aliinama kwenye ubao wa karoseri mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Nikaona ulimi wake ukitafuta mahali nyuma ya meno, ukapotea, ukarudi, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo.

"Sili," alisema.

Ilikuwa L. Nzito, ya kujifunza, lakini L. Akairudia, ili nisije nikasema sikusikia.

"Kware, mwanangu. Sili."

Lori likaondoka. Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu alichonirudishia, kuwaambia wadogo zangu kwamba ndugu yetu amesafiri.